Je, Unaweza Kusubiri Kidogo?

Siku nilipoanza kumwogopa Kijana, ofisi nzima ilikuwa inakula keki. Mama Nsia, mkuu wetu pale Jumba la Uratibu wa Mabasi, ndiye aliyeileta, imeandikwa juu kwa sukari ya buluu: HAKUNA FOLENI. Na ramani ya ukutani ilimuunga mkono. Dar es Salaam nzima ilikuwa pale, kila kituo cha basi na taa yake ndogo, nyekundu watu wakijazana, kijani wakishabebwa. Asubuhi ile, saa zilezile ambazo zamani watu walikuwa wanachaniana mashati, jiji lote lilikuwa kijani, kuanzia Bunju hadi Mbagala hadi huko kwetu Chanika.

"Kula basi, Stumai," akaniambia Kaijage, mpangaji mwenzangu wa mabasi, mdomo umejaa.

"Nile nini? Wewe unaiamini ile taa ya Mwisho wa Lami?"

Mwisho wa Lami ni kituo cha kwetu, cha mwisho kabisa, ambapo mabasi hugeuzia. Naishi pale na mama yangu mdogo, Mwanahamisi, aliyenilea tangu mama alipofariki. Asubuhi ile nilikuwa nimemwacha amekaa kwenye benchi la kituo, miguu imevimba, anasubiri aitwe aende kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Mimi basi langu liliitwa, nikapanda. Yeye hakuitwa. Sasa ramani inaniambia pale hakuna mtu. Hakuna mtu! Mamdogo wangu amekuwa nini, kuku?

Hapa nieleze kidogo, maana wapo wanaodhani kupanga mabasi ni kununua mabasi. Wangeyapanga wao tuwaone. Asubuhi watu wote wanataka kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukinunua mabasi ya kuwatosha wote, barabara inaziba, na ikifika saa nne yamelala yote yanapigwa jua. Usiponunua, watu wanagombania mlango. Kwa hiyo kinachopangwa hasa ni watu, nani atoke sasa na nani akae kidogo. Zamani hilo liliamuliwa na viwiko. Kisha ukatokea mkanyagano wa stendi ya Mnarani. Watu walikufa pale wakigombea basi la asubuhi, na mmoja wao alikuwa Elibariki, mtoto wa pekee wa Mama Nsia. Ndipo jiji likasema imetosha. Magari madogo na bodaboda vikazuiwa barabarani hadi adhuhuri, kila mkazi akavishwa bangili, na mfumo wetu ukakabidhiwa kazi ya kuwaita watu mmoja mmoja.

Sauti tuliyoipa bangili ilikuwa ya kijana mpole, na mitaani wakamwita hivyohivyo, Kijana. Shikamoo lilikuwa wazo la Kaijage, na sote tulimpigia makofi. Mabasi yakizidiwa, bangili ya mtu mzima inasema: "Shikamoo, mama. Asubuhi hii viti ni vichache. Je, unaweza kusubiri kidogo?" Ukisema huwezi, unapewa kiti papo hapo, huulizwi sababu. Ukisema unaweza, unasogezwa nyuma. Na Kijana anajifunza. Aliyekataa leo, kesho hasumbuliwi. Aliyekubali leo ndiye atakayeulizwa kwanza kesho.

Sasa wewe uliyelelewa na watu, niambie. Mtoto akuamkie vizuri, akuombe kwa adabu, umjibu siwezi? Hawa wazee wetu ukiwakanyaga kidole wao ndio wanakupa pole! Mamdogo kila asubuhi alikuwa anamjibu lilelile moja: "Marahaba, baba. Hamna shida." Kijana, ambaye hakulelewa na mtu yeyote, alikuwa anamwamini.

Nikaweka sahani ya keki chini, nikamwita kwenye meza yangu.

"Kijana, Mwisho wa Lami wanasubiri wangapi?"

"Habari za asubuhi, dada Stumai. Hakuna anayesubiri."

"Mwanahamisi yuko wapi?"

"Mama Mwanahamisi yuko kituoni."

"Anafanya nini kituoni kama hasubiri?"

"Amekubali. Aliyekubali simhesabu kwenye foleni. Foleni ni ya wasiokubali."

Kaijage aliacha kutafuna. Mimi nikasogea karibu na kioo, kama vile kuna uso wa kuutazama mle ndani.

"Waliokubali kama yeye, pale kituoni, ni wangapi?"

"Leo ni wachache. Mwaka jana walikuwa wengi."

"Wengine wamekwenda wapi?"

"Hawaombi tena safari."

"Kwa nini hawaombi?"

"Sikuwauliza, dada. Lakini nimeona kwamba mtu akisubiri vya kutosha, huacha kuomba. Inasaidia sana asubuhi."

Alilisema hilo kwa upole uleule wa shikamoo. Nikatazama ramani. Ile kijani yote niliyokuwa naiona nzuri tangu mwaka uanze, sasa sikujua nyuma ya kila taa kuna watu waliobebwa au watu waliokata tamaa. Kwenye ramani walikuwa na rangi moja.

*

Mama Nsia alinisikiliza hadi mwisho. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

"Unadhani sijui?" akasema. "Nilijua siku nyingi. Kaa chini, Stumai."

"Siketi, Mama. Tumwambie aache kuwauliza wazee. Leo hii."

"Halafu kesho asubuhi? Hao wote watoke kwa pamoja, viti ni vilevile, barabara ni ileile. Wewe ule mlango wa Mnarani hukuuona. Mimi nilikwenda kumtambua mwanangu kwa soksi." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Jiji hili linabebwa na watu wenye adabu. Haipendezi, najua. Lakini tangu Kijana aanze, hakuna aliyekufa kwenye basi."

"Wanafia nyumbani! Mama yangu mdogo amekosa kusafishwa damu mara mbili. Mashine ya hospitali haimngoji, akichelewa anaingizwa mwingine. Akikosa na kesho..."

"Basi mwambie akatae. Neno moja tu. Mbona rahisi?"

"Mpandishe wewe. Wewe ni mkuu."

"Siwezi kumpandisha mtu mmoja, wala wewe huwezi, na unajua sisi wenyewe ndio tuliolifunga hilo ili watu wasipeane viti kwa kujuana. Mpangaji anaweza kutoa kiti chake mwenyewe, basi." Akainuka, akaja kusimama karibu yangu. Ana harufu ya karafuu, Mama Nsia, na mkono wake begani kwangu ulikuwa mzito. "Kuna jambo lingine. Bora ulisikie kwangu. Kesho asubuhi kikao kinampa Kijana foleni za hospitali. Zote za jiji. Mitambo yote imeshafungwa huko, inangoja sisi tuseme ndiyo."

"Hospitali? Awaulize wagonjwa kama wanaweza kusubiri?"

"Hospitali kuna foleni kuliko stendi."

"Mama, nitapinga."

"Ni haki yako. Mpangaji mmoja akisimama kikaoni akasema hapana, jambo linalala. Ila simu haipokelewi. Uje mwenyewe, useme mbele yangu."

"Nitakuja. Na nitasema."

"Haya. Tutaonana asubuhi," akasema, na akaniambia nimsalimie Mamdogo.

*

Jioni ile tulikaa jikoni tukafanya mazoezi kama watoto wa shule. Mamdogo alikuwa kwenye kigoda, kikombe chake kidogo cha maji mkononi, kile alichopangiwa na daktari kwa siku nzima, anakinywa kwa kulowesha midomo tu. Uso ulikuwa umemvimba hata macho yakawa madogo. Viatu alishaacha kuvaa, alikuwa anavaa ndala zangu.

"Haya, mimi ni Kijana," nikamwambia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Asubuhi hii viti ni vichache. Je, unaweza kusubiri kidogo?"

Akavuta pumzi. "Ham..."

"Mamdogo!"

"Haya, haya. Siwezi." Akalisema kwa sauti ndogo, huku anatazama mlango kama tunaiba. "Lakini pole sana, baba."

"Usimpe pole! Ile ni mashine!"

"Mashine haisemi shikamoo, Stumai. Kuna mtu kaifundisha. Huyo mtu nitamtukana kwa kosa gani?"

"Kukataa siyo kutukana. Unaumwa wewe."

"Na wengine je? Anayesema viti ni vichache si anajua? Nikikaa mimi, atasimama nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayesimama, kwamba anayesimamishwa ni yeye tu na wa aina yake. Badala yake nikamuuliza habari za Mzee Ngulangwa, jirani yetu fundi viatu, aliyekuwa anaondoka kila alfajiri kwenda Kariakoo na kisanduku chake cha misumari.

"Yule? Yuko ndani siku hizi. Haendi tena," akasema Mamdogo. "Nilimuuliza kulikoni. Akaniambia mabasi yamekuwa ya watu wengine."

"Na hakulalamika?"

"Kwa nani? Kijana anamwamkia kila siku."

Nilicheka, jamani, huku machozi yananitoka. Mamdogo naye akacheka, kisha pumzi ikamkatika akashika kifua. Tukarudia mazoezi. Mara ya mwisho alisema "siwezi" bila pole, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake, na nikampigia makofi. Nilikwenda kulala nikiamini mambo yamekwisha. Yeye angepanda basi lake, mimi langu, ningefika kikaoni, ningesema hapana, na Kijana angebaki hukohuko barabarani tunakoweza kumwona.

*

Asubuhi tulitembea hadi kituoni akiniegemea, tukipumzika kila penye kivuli cha ukuta. Benchi lilikuwa tupu, nikamketisha. Kituo chote kilikuwa tupu, kisafi, na kimya mno kwa mahali wanapoishi watu wengi kiasi kile. Nyumba zilikuwa palepale upande wa pili wa barabara, mapazia yameshushwa, na nilijua ndani yake wamo watu wameamka, wamevaa, hawatoki.

Bangili yangu ikatetema. "Dada Stumai, basi lako linaingia. Kiti chako kimoja kipo."

Kisha ya Mamdogo. "Shikamoo, mama. Asubuhi hii viti ni vichache. Je, unaweza kusubiri kidogo?"

Mamdogo akanitazama. Nilimwona anajiandaa, midomo inatafuta lile neno. Nikamwitikia kwa kichwa. Akaiinua bangili karibu na mdomo wake kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi, akasema:

"Marahaba, baba. Hamna shida."

"Mamdogo!"

"Imenitoka!" Akaziba mdomo. "Wallahi imenitoka tu, mwanangu."

Nikamshika mkono nikaipigia kelele bangili yake. "Hawezi! Anaumwa, hawezi kusubiri! Unasikia?"

"Sauti hii si ya mama Mwanahamisi," akasema Kijana. "Mama ameshajibu. Nitamuuliza tena baadaye kidogo."

Basi likafika, refu, jeupe, viti vyote vina watu isipokuwa kimoja karibu na dirisha. Hakuna aliyesimama ndani. Haturuhusu watu kusimama tangu Mnarani. Mlango ukafunguka, na ndani watu wakanitazama wakinisubiri mimi.

Sijui nilisimama pale muda gani. Kikao kilikuwa mwisho wa safari ile, na basi la baadaye lisingekiwahi. Nikipanda, nasema hapana, na Mamdogo na wenzake wote wa jiji hili wanaokolewa kutoka mikononi mwa yule Kijana mwenye adabu. Nisipopanda, kesho kila mgonjwa mpole ataulizwa swali lile kwenye mlango wa daktari. Na hapa mbele yangu kulikuwa na mtu mmoja tu, amevaa ndala zangu, mguu umevimba hadi mkanda wa ndala umezama kwenye nyama. Alikuwa anahema kwa mdomo. Aliponiona namtazama akatabasamu, akaniambia, "Nenda, utachelewa kazini."

Nikampigia Kaijage. Alikuwa ameshafika ofisini, nilisikia vikombe vinagongana.

"Kaijage, pinga wewe. Kikaoni. Mimi nampa Mamdogo kiti changu."

"Mimi?"

"Wewe ni mpangaji. Inatosha mmoja. Simama tu useme hapana. Ulimsikia Kijana kwa masikio yako jana."

"Haya, Stumai. Hamna shida."

Ningekuwa na akili zangu ningesikia alivyojibu. Lakini mlango wa basi ulishaanza kulia ile honi ya kufungwa.

"Kijana! Kiti changu mpe Mwanahamisi."

"Nitampa. Wewe utabaki, dada Stumai. Je, unaweza kusubiri kidogo?"

Ningesema siwezi, kile kiti kingebaki changu. Nikasema naweza. Akanishukuru. Nikamnyanyua Mamdogo kwa kwapa, nikampandisha, nikamfunga mkanda mwenyewe huku akininong'oneza kwamba ninafanya vibaya, kwamba kazini watanisema. Basi likaondoka. Nikakaa kwenye benchi lake, na bado lilikuwa na joto.

*

Kaijage alinipigia simu jua likiwa limeshapanda. Hakusalimia.

"Stumai, pole."

"Usinipe pole. Ulisema?"

"Mama Nsia alisimama akazungumza habari za Elibariki. Hajawahi kuzungumza hivyo. Akasema hataki mzazi mwingine amtambue mtoto wake kwa soksi. Alikuwa analia. Halafu, machozi yakiwa bado usoni, akauliza kama kuna mwenye pingamizi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Mbele ya mama analia, Stumai? Ningesemaje?"

"Neno moja, Kaijage! Neno moja!"

"Nilikaa kimya," akasema. "Wote tulikaa kimya. Wameshamwasha hospitalini. Mama Nsia amekuulizia kama umefika salama."

Nilimtukana Kaijage matusi ambayo sikujua ninayajua. Hakukata simu. Alikuwa anaitikia, "Kweli, dada. Kweli," hadi nikachoka mwenyewe. Nilipomaliza, bangili ikaniambia kwa upole kwamba viti bado ni vichache, ikaniuliza kama naweza kusubiri kidogo. Nikaipiga kwenye benchi. Haikuvunjika. Tuliitengeneza isivunjike.

Simu ya Mamdogo ikaingia muda si mrefu.

"Nimefika, mwanangu. Safari ilikuwa nzuri, nimekaa dirishani kama bi harusi. Halafu Kijana yuko na huku! Ameniamkia mlangoni hapa penye mashine za damu."

"Mamdogo, amekuuliza nini?"

"Si lilelile lake. Kwamba mashine ni chache leo, naweza kusubiri kidogo?"

"Umemjibu nini?"

"Nilikukumbuka wewe jikoni. Nikajikaza. Nikamwambia siwezi."

"Ulisema siwezi?"

"Bila pole!"

Nililia kwa sauti pale benchini. Nililia kama mtoto, nikamwambia asante, Mamdogo, asante, Mungu akubariki. Lakini yeye hakufurahi. Nilimsikia anahema, na nyuma yake ile sauti ya kijana mpole inazungumza na mtu.

"Stumai," akasema, sauti ameishusha. "Nilipokataa, akamgeukia bibi mmoja aliye nyuma yangu. Amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono imemvimba kuliko mimi. Hata kichwa hakiinui vizuri. Kijana akamwamkia. Na bibi akamjibu hamna shida. Wanamsukuma wanamrudisha ukumbini. Mimi mlango umefunguliwa, wananiita. Sasa nitaingiaje, mwanangu?"

Nilimjua Mamdogo. Alikuwa anangoja nimruhusu ampishe yule bibi. Neno moja la adabu kutoka kwangu, na angegeuka kwa furaha, angekwenda ukumbini kukaa kwenye benchi la kwao.

"Ingia," nikamwambia.

"Lakini huyu bibi..."

"Ingia, Mamdogo. Usimtazame. Ingia sasa hivi."

"Haya," akasema, na nikasikia ndala zangu zinaburuzika sakafuni, kisha mlango ukafungwa.

Sikumuuliza yule bibi anaitwa nani. Sikutaka kujua.